Isale Lililobebwa na Bahari

Uru Shimbwe,
Moshi.
12 Juni 2025

Mpendwa mjukuu wangu Filemon,

Wewe mtoto, umepotea mpaka mbwa wa hapa hakujui. Krismasi mbili watu wote wamepanda mlima kuja kwao, wewe tu hukuonekana. Nyama yako tuliwapa kina Isack, na walikula bila huruma.

Hamjambo huko Pangani? Kifua cha mtoto Elisifa kimepona? Mkeo Gladness anakula vizuri? Mimi ni mzima, ila goti linanisumbua nikishuka bondeni kukata majani ya ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe amezaa ndama jike. Ndizi zipo, Mungu anatulisha. Anayeandika ni Aikande, mke wa baba yako mdogo. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kulainisha neno lolote.

Sasa hayo ya bahari. Gladness alinisimulia kwa simu. Kwanza nilishukuru kwamba mko hai, halafu nikacheka mpaka Aikande akaja kuangalia nimepatwa na nini. Filemon, nani alikutuma kupalilia bahari?

Nilivyoelewa, mbele ya kibanda chenu cha supu palikuwa na tuta la mchanga, limefunikwa na majani yanayotambaa. Jirani yako Bi Amne alikuambia uyaache. Wewe ukaona magugu, ukashika jembe, ukang'oa mpaka pakawa peupe kama uwanja wa kanisa. Kisha ukapanda masale, yale majani yetu marefu ya kuonyesha mpaka, kama vile uko huku kihambani kwenye migomba ya ukoo. Hilo ni kosa la Mchagga. Hatuwezi kuona jani tusilolipanda tukalala.

Basi dhoruba ilipokuja, mawimbi yakapita juu ya tuta pale pale ulipopalilia, maana mchanga haukuwa tena na majani ya kuushika. Kwa Bi Amne tuta lilinyolewa mbele tu. Kwako maji yalifungua njia, yakabeba mchanga wa mbele yakaumwaga nyuma, mpaka jikoni, masufuria yakazikwa. Gladness anasema ufuko mzima umerudi nyuma. Ulipokuwa unapanga viti sasa wanapita samaki. Lakini Bi Amne kamwambia mchanga haukupotea, umehama, na bahari ikitulia itarudisha kidogo kidogo, kiasi inachotaka yenyewe. Nimeipenda hiyo. Mto wa huku ukishuka na shamba lako haukurudishii hata kokoto.

Lililofuata ndilo lililonikatisha kicheko. Eti uliliona isale lako uani kwa Bi Amne, ukamwita mwizi wa ardhi mbele za watu, na sasa hamsalimiani. Najua, kwetu anayeng'oa isale la mpaka ametukana ukoo mzima. Lakini mama wa Pangani isale atalijulia wapi? Maji yalilitupa kwake. Akaliokota, akalipanda kwenye ndoo, akalimwagilia, akidhani ni ua la mke wako. Alikuwa anakutunzia, mjinga wewe. Na siku ile ya mawimbi, mtoto wako alibebwa mgongoni na nani?

Jirani wa namna hiyo hanunuliwi sokoni. Ukimpoteza, Elisifa atakimbilia kwa nani bahari ikija tena? Maana itakuja. Kibanda kijenge nyuma, mbali na maji, na majani yakianza kutambaa, mikono mfukoni. Bi Amne kamwombe radhi leo, kabla hujala. Ukiona aibu, mtangulize mtoto akamwamkie, wewe ufuate nyuma umeinamisha kichwa.

Baba yako mdogo Wenseslaus anawasalimu, na shangazi yako Yuditha, na Isack aliyekula nyama yako. Mungu awafunike nyinyi watatu, awape usingizi hata upepo ukipiga kelele.

Desemba uje, na Bi Amne uje naye. Mwambie bibi wa mlimani anamwita. Mbuzi wake atachinjwa na Seleman wa Shirimatunda, rafiki wa marehemu babu yako, ili ale kwa amani. Atalala chumbani kwangu, avae sweta mbili. Ukija bila yeye, utalala na ng'ombe.

Mimi nikupendaye hata nikikugombeza,
Bibi yako Salvina