Caroline Amekubali Kuwekewa Mikono

Kwa Mramba,
Matsangoni.
1 Novemba 2025

Caroline amekubali! Nyevu, amekubali! Binti Mramba, mtoto wa Matsangoni, atakuwa kasisi, na Askofu mwenyewe ndiye atakayemwekea mikono, nami mamake nitakaa kiti cha mbele kabisa, wanaonipenda wanione na wasionipenda wanione vizuri zaidi.

Mpendwa mdogo wangu Nyevu,

Haya, sasa nirudi mlangoni nikuamkie kama mtu aliyelelewa. Hujambo? Shemeji Odera hajambo na goti lake? Yule kitinda mimba wako bado anakohoa? Mpe tangawizi na asali, usiwasikilize wanaokuuzia dawa za rangi. Huko Kisumu mvua imewapa au imewanyima? Sisi hapa tu wazima kwa neema ya Bwana. Mramba mzima, minazi mizima, na miguu yangu inavimba kidogo lakini inanifikisha kanisani, basi naishukuru.

Najua umeshacheka, umesema, "Dada Jedida amepayuka kabla ya kubisha hodi." Sema tu. Tangu Jumatano niko hivyo. Naanza kufagia uwanja, naacha ufagio katikati, naenda kutazama chungu, na chungu chenyewe hata sijakiinjika.

Ningekupigia simu, lakini wewe mwenyewe ulinilalamikia kwamba nikianza kuongea salio huisha kabla hujasema neno. Basi barua hii anakuletea Kavata, jirani yangu Mkamba anayeuza maharagwe stejini, anayekuja huko kwa arusi ya mdogo wake. Mpe chai, lakini usimwamini akikusimulia kisa hiki kwa namna yake. Namna ya kweli ni hii.

Wajua Caroline ni mtoto gani. Sisemi kwa kuwa nimemzaa. Chuo cha theolojia alikuwa wa kwanza katika Kiyunani, lugha ambayo naambiwa hata wenyewe inawatoa jasho. Mimi niliyeishia darasa la saba nimezaa mtu anayesoma Injili kwa lugha iliyoandikiwa! Askofu akamwita, akamwambia ajitayarishe, Desemba atawekewa mikono. Nami nikatangaza. Nilitangaza hapa, nikatangaza Kilifi sokoni, nikapeleka salamu hadi Mariakani kwa binamu zetu ambao hata sijui kama wangali hai. Akina mama wa kanisa tukachagua kitenge kimoja, cha zambarau, maana nimesikia zambarau ni rangi ya maaskofu, na mtu hajui Mungu amepanga nini huko mbele.

Basi mwezi wa nane mtoto akarudi nyumbani. Nakuna nazi jikoni, yeye ameketi kizingitini, akaniambia, "Mama, sidhani kama nitakwenda."

Kwenda wapi?

"Kwa Askofu. Maombi yamenikauka, mama. Maneno nayajua yote, na nayasema vizuri. Lakini ni kama kuzungumza ndani ya mtungi, narudishiwa sauti yangu mwenyewe. Askofu amenipa mpaka mwisho wa Oktoba nimjibu."

Nyevu, niliacha kukuna. Nikamwambia asirudie maneno hayo, shetani ana masikio. Nikamwambia aombe kwa nguvu, kama mimi. Maana wewe wayajua maombi yangu. Nikiomba kanisani, makondakta huko stejini huvua kofia. Mwaka ule wa ukame niliomba kwenye mkutano Magarini, na kabla hatujafika nyumbani matope yalikuwa magotini. Hilo hata wasionipenda walishuhudia.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndiyo, mama." Kesho yake asubuhi akachukua mbuzi yangu ya kukunia nazi, akaenda nayo nyuma ya shamba la muhogo, akaikalia. Bila nazi. Mikono mapajani, macho wazi, kimya. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Ikawa ndiyo desturi. Nami nikawa nachungulia kwenye upenyo wa makuti, chai inafurika motoni. Nikamwuliza, wafanya nini pale? Akasema, "Nangoja, mama." Wangoja nani? Akatabasamu.

Umeolewa mbali, lakini hujasahau mambo ya kwetu. Mwanamwali akikaa peke yake kimya, anatazama pasipo na kitu, watu hawasemi anafikiri. Wanasema ana kitu kimempanda. Kisimani walishaanza kunong'ona. Nami, mama wa kasisi, ningoje mpaka wanong'one Kilifi nzima? Nikawaita akina mama wa maombi.

Tulimkuta palepale, Alhamisi moja, nasi tumefunga tangu alfajiri. Tukamzunguka, tukamwekea mikono kichwani, tukaomba mpaka kuku wakahamia kwa jirani. Kavata leso ilimdondoka, hakuiokota. Mbele nilikuwa mimi, bila shaka. Nikakemea, "Taja jina lako!"

Caroline akasema polepole, "Caroline."

"Si wewe! Wewe uliye ndani yake! Taja jina, utoke!"

"Caroline Mramba, mama. Ni mimi. Hakuna mwingine humu, na ndiyo shida yenyewe."

Kisha Kavata, hana haya yule, akaangua kicheko: "Jedida, pepo wako amesoma, ana mpaka jina la baba!" Na wenzake wakamfuata. Mimi sikucheka. Nilikuwa nauona uso wa mwanangu. Aliinuka, akaipangusa mbuzi, akairudisha jikoni mahali pake bila kumtazama mtu. Kulipokucha hayupo. Amekwenda Magarini kwa shangazi yake Nyale, na simu ameizima.

Hapo ndipo nilipojua kukosa raha ni nini. Oktoba inakwisha, kitenge kiko kwa fundi, kila ninayekutana naye ananiuliza, "Mama Kasisi, siku i karibu?" nami najibu kwa meno tu. Nikipiga magoti naomba kama kawaida yangu, kwa sauti. Namweleza Mungu habari za Askofu, za kitenge, za watu watakavyosema. Siku moja nikajisikia mwenyewe katikati. Nikanyamaza kidogo, nione kama kuna lolote. Nikasikia jogoo wa jirani, basi. Nikaogopa, Nyevu. Nikaanza tena kuongea, haraka zaidi. Nilipoinuka nilikuwa nimechoka kama niliyetwanga kinu kitupu. Nikayakumbuka yale ya mtungi.

Mramba, ambaye wamjua hatoi neno asipoombwa, akaniambia, "Mfuate mtoto. Lakini usiende na hotuba."

Nilikuwa nayo tayari. Toka hapa mpaka Malindi naipanga, na toka Malindi mpaka Magarini naitia chumvi.

Wifi Nyale hajaokoka, sikufichi. Nimemwombea miaka na miaka kama kondoo aliyepotea, na yeye hunijibu kwamba hajapotea, yuko kwake. Lakini adabu anayo. Nimefika, Caroline yuko upenuni anachambua mchicha. Nikaanza papo hapo, "Caroline, mimi mamako..." Nyale akanikata, "Wifi, hujaketi." Nikaketi. Nikafungua mdomo. "Hujanywa maji." Nikanywa. "Pumua sasa." Nikapumua, kwa hasira. Ndipo akasema, "Haya. Tupe habari za mlikotoka."

Wakumbuka tulivyofundishwa. Mgeni hupewa kiti, akanywa maji, akatoa zake bila kukatizwa, za mvua, za wagonjwa, na lililomleta. Kisha husema, "Za kwetu ni hizo. Na za hapa?" Na hapo hufunga mdomo mpaka mwenyeji amalize. Marehemu mama alikuwa akisema, anayemwaga zake akainuka kabla hajasikia za mwenyeji, huyo hakuja kutembea, amekuja kutupa taka.

Basi nikatoa zangu. Sikubakisha. Nilipomaliza sikuwa na njia, nikasema, "Za kwetu ni hizo. Na za hapa?" Na Nyale, badala ya kunijibu, akamwelekezea Caroline kidevu.

Caroline akaweka mchicha chini. "Za hapa, mama, ni kwamba naogopa. Wakiniwekea mikono, mgonjwa ataniuliza Mungu anasema nini, na mimi nitamjibu maneno ya kitabu. Nimefundishwa kumweleza Mungu mambo, nikafundishwa kuwaeleza watu mambo ya Mungu. Kukaa naye tu, sikufundishwa. Pale shambani nilikuwa najaribu. Sikusikia sauti yoyote. Lakini nilikuwa nimeanza kuacha kukimbia. Ndipo mkaja."

Kila nilipotaka kumkatiza, Nyale alinikazia macho. Nikayameza maneno, machungu kama shubiri. Alipomaliza, niliitafuta hotuba yangu nisiione. Nikabaki na jambo moja tu kifuani, na ndilo linalonikosesha usingizi mpaka leo: maombi yote yale, ya kufunga na ya kukesha, ya kuvua watu kofia, sijapata hata siku moja kumwuliza Mungu, "Na za hapa?" Nimekuwa nikiingia kwake, namwaga, nasema Amina, natoka.

Nililala huko. Asubuhi Caroline alipotoka nilimfuata na kigoda, nikaketi kando yake. Nikamwambia Mungu shida yangu kwa maneno machache, nikasema moyoni, na za kwako, Baba? Nikanyamaza. Usidhani nilitulia! Siafu walinipanda mguuni. Nikakumbuka sikumwonyesha Mramba mbegu ziliko. Nikawaza mchele wa pilau, nikawaza ile kola nyeupe ya makasisi hufuliwaje. Nikawa natoroka, narudi, natoroka, narudi, kama kuku anayetaga mahali pageni. Sauti sikusikia, na sitakuongopea kwamba nilisikia. Ila baada ya kitambo nilimsikia mwanangu akipumua kando yangu, na nikaona sitaki tena kumrekebisha. Nilitaka kukaa naye tu. Nikawaza, huenda na Yeye aliye juu ndivyo anavyonitaka mimi. Wazo hilo sikulitunga, Nyevu. Mimi nikitunga wazo, huwa refu.

Jua lilipotufikia, Caroline akanitazama, akaanza kucheka, kile kicheko chake cha utotoni cha kufunika pua. "Mama, hukusema neno! Mungu aliyeweza kukunyamazisha wewe, hashindwi na mimi."

Nyale alikuwa akipita na ndoo. Akasema, "Hapo hata mimi nimeamini kidogo."

Usifikiri alikubali papo hapo. Alibaki huko, mimi nikarudi kuja kuhangaika nyumbani. Jumatano hii ndipo alipoingia na mkoba wake, akampigia Askofu simu mbele yetu. Hakumwambia shaka imekwisha. Alimwambia, "Baba Askofu, bado sisikii vizuri. Lakini kama utanipokea hivyo, nitaendelea kungoja nikiwa kazini." Askofu akasema, "Njoo, binti yangu. Wengi wetu ndivyo tulivyokuja."

Mramba akatoka nje kwenda kufunga mbuzi ambao tayari walikuwa wamefungwa. Mimi nililia kwa sauti, sikuona sababu ya kujizuia, na jirani wote wakaja.

Sasa kila asubuhi tunakaa wawili, yeye na mimi. Bado nachezacheza kama mtoto kanisani. Juzi nimewaambia na akina mama, tukishaomba tunyamaze kidogo tumpe Mwenyezi zamu yake. Kavata alikoroma. Lakini nakuhakikishia, hakuna kundi jingine la maombi ukanda huu wote linalonyamaza vizuri kama letu.

Caroline ameniomba mimi nisimame na sala ya familia hapa nyumbani tukitoka kanisani. Nitasema machache, kisha tutanyamaza sote, wageni na wenyeji. Nakuhitaji ukae kulia kwangu, unibane mkono nikianza kuongeza, maana najijua. Na wewe uliyeniambia siku hizi huna tena la kumwambia Mungu, nami nikakupa mahubiri mpaka simu ikakatika: sikuhubirii. Njoo hivyo hivyo, bila la kusema. Kiti chako kipo.

Kitenge chako fundi ameshakikata kwa kipimo cha zamani. Kama umenenepa, mwambie Kavata akirudi aniambie mapema.

Mramba anakusalimu, anamwuliza shemeji Odera kama angali anapenda tembo la nazi lisilokolea. Kambi, nduguye Caroline, anakuamkia shikamoo, amemaliza kujenga choo cha wageni, kizuri kuliko nyumba za watu wengine. Wifi Nyale naye atakuwepo, anasema anakuja kwa ajili ya pilau. Caroline anakupa pole ya safari kabla hujaianza. Wabusu wanao wote mmoja mmoja.

Bwana awafunike njia nzima, awavushe salama, awafikishe hapa mkiwa wazima wa mwili na wepesi wa moyo. Ibada inaanza saa tatu asubuhi, nasi hatutangulii bila nyinyi, basi mlale hapa Jumamosi.

Mimi dada yako nikupendaye, na wote wa nyumba hii, tunawangoja Jumapili, tarehe saba Desemba.

Jedida Kadzo,
Mama Kasisi