Jina la Numbi Limekatwa kwa Kinywa Changu

Siku ya tatu tangu jina likatwe. Baridi ya kiangazi, vumbi imeingia mpaka kwa sahani.

Weye unayesoma, ulikuwa wapi? Tangu tuvune mahindi hujapita hapa hata kusema jambo. Minyi sikusoma, maneno yangu anaandika mujukuu wangu Numbi kwa telefone, na hachoki. Weye kuyafungua tu umeshindwa.

Basi sikia aibu yangu.

Numbi iko na ugonjwa wa damu, alizaliwa nao. Mifupa ikimuuma tunapeleka hospitali bon, ile karatasi mwanangu Mwamba anapewa kwa kazi, na kompani inalipa. Kwa sababu ya karatasi hiyo Mwamba anabeba magunia kwa depo mpaka mugongo umeharibika. Rafiki alimuita aende kule Kaniama wauze mahindi pamoja, akakataa. Biashara haina bon. Wakubwa wake wanajua hawezi kutoka. Njo maana wanamutukana naye anaendelea kubeba.

Juzi waliita familia kwa biro, kuhakikisha liste ya wenye kupewa bon. Nikavaa kikwembe kipya.

"Huyu mutoto ni wa nani?" karani akauliza, kidole kwa jina la Numbi.

"Wa Mwamba."

"Alimuzaa yeye mwenyewe?"

Hapo njo nikajisifu, mupumbafu minyi. Nikasema mwanangu mudogo alikufa, Mwamba akachukua mutoto wake, hajamutenga hata kwa tonge ya bukari. Kwetu Baluba, kaka ya baba iko baba, hatuna jina lingine. Nilifikiri karani atamusifu.

Akachukua rula, akavuta mustari juu ya jina.

"Asante kwa ukweli, mama muzee."

Rula yake ioze, na mukono ulioishika.

Nikamwambia Mwamba: toka kwa ile kazi, sasa wanakushika na nini? Akacheka vibaya. "Mama, bibi yangu na batoto batatu tulizaa naye bangali kwa liste."

Kamba ni ile ile. Wameangusha mutoto mumoja tu, na mwenye kufungua fundo ni minyi.

Hapa Numbi amesimamisha vidole. Andika, mutoto. Weye hukukosa kitu. Kinywa kilichokosa njo hiki, na kesho kitaenda na Mwamba kwa tribunal, kuomba karatasi inayosema jambo ambalo hata kuku za kwetu zinajua: Mwamba iko baba ya Numbi.

Na weye unayesoma, siku ukirudi hapa, kuja umekwisha kujifunza jibu moja. Wakikuuliza mutoto ni wa nani, sema: wangu. Halafu funga kinywa.