Mbuzi Mmoja Kutoka Katesh

Jumatatu, 4 Agosti

Babati nzima hakuna mtu mwenye bahati kama mimi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu daftari ni langu, hakuna wa kubisha. Shule niliacha darasa la sita, la saba sikuliona. Lakini Lubumbashi nimekula, Lusaka nimelala, Bujumbura nimegombana na askari wa forodha na nikashinda. Miaka kumi na nne ya malori, sijavunjika hata kidole. Hata ugonjwa uliomchukua mke wangu, Mama Neema, tulilala nao kitanda kimoja na ukanipita. Ulinipita kama basi lililojaa linavyopita kituo.

Sasa nina jiko la nyama choma hapa Bagara. Leo nimewasha mkaa saa nne, nimekatakata mbuzi wawili, nimekaa kupumzika mara sita. Zamani nilikuwa nakaa mara moja tu, jioni.

Keshokutwa naanza kuonana na mshauri. Daktari kasema moyo umechoka kunibeba. Kilichobaki ni kwenda Dar nikatwe tumbo, libaki dogo kama ndizi mbivu. Ila hawakati mpaka mshauri aandike barua kwamba kichwa changu kiko tayari. Vikao vinne. Kichwa! Kitu pekee kwangu ambacho hakijanenepa.

Jumatano, 6 Agosti

Mshauri ni binti. Madam Pendo. Kamzidi binti yangu Neema miaka michache tu. Kanipa shikamoo, halafu akaniuliza mambo ambayo hata padri hajawahi kuniuliza.

Mizani yao inaishia kilo mia na hamsini. Mshale uligonga mwisho ukabaki unatetemeka. Wakanituma Maisaka, kwa mnunuzi wa mbaazi, kwenye mizani ya magunia. Nikapanda. Mpagazi mmoja akausoma mshale, akapaza sauti: "Mia sabini na mbili! Baba Neema, mwaka huu umevuna!" Makofi. Nikawapungia mkono kama mbunge. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Nyumbani sikucheka.

Madam kanipa kidaftari. Niandike kila ninachokula na ninavyojisikia, yeye atasoma. Kile chake. Hiki changu.

Jumamosi, 9 Agosti

Kwenye kidaftari cha Madam leo: uji, mchicha, kipande cha samaki. Najisikia vizuri.

Kweli yenyewe: mbavu sijui ngapi, ugali, ndizi za kuchoma, soda mbili. Mchomaji lazima aonje. Hapa kwetu mteja hali nyama ambayo mwenye jiko hajaionja mbele yake. Kila sahani naonja. Naonja nimesimama, na nikila nimesimama huwa sihesabu.

Neema alikuja jioni. Ni mwalimu wa shule ya msingi Mutuka, na ananiandaa kama mtoto wa mtihani. Kasoma uongo wangu wote akafurahi. "Baba, mimi nataka uwepo tu," kasema. Hakusema uwepo wapi. Uwepo tu.

Nimejisikia mwizi.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeumbuka. Madam kafungua kidaftari, kasoma mchicha wangu, kakifunga taratibu. "Baba Neema, Jumapili nilikula kwako. Nilijifunga mtandio, hukunijua. Ulionja mara ishirini na mbili."

Nikamuuliza kama nyama ilikuwa laini.

"Laini sana. Ulianza lini kuonja hivyo?"

Nikampa hadithi yangu ya mbuzi wa Lubumbashi, ile inayowaangusha watu kwenye viti. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuanguka. Kisha akauliza: "Ukipungua, unaogopa nini?"

Nikasema naogopa suruali isidondoke kanisani wakati wa sadaka. Hakucheka. Amekaa tu, ananisubiri. Hakuna mtu mji huu anayenisubiri nimalize kuchekesha. Nilitokwa jasho.

Tukajaza fomu. Dawa unazotumia? Nikaandika: Sina.

Kazi ya nyumbani: niwaambie watu watatu kwamba nitapungua sana, niandike wanachosema.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimewaambia.

Mama Rehema, jirani yangu muuza chai: "Weee! Usithubutu. Hivyo ulivyo ndivyo tunajua uko salama."

Mzee Gidamis, mzee wetu wa jumuiya. Kanivuta pembeni. "Mwanangu, ukikonda watu watasema unamfuata marehemu."

Hamisi wa duka la vifaa, rafiki yangu wa siku zote, kanipiga begani: "Bonge, huo mwili ndio cheti chako cha hospitali! Ukikonda, kesho yake tu wanasema umeungua." Tukacheka wote. Neno hilo la kumsema mwenye virusi nimelisema mimi mwenyewe kwa watu wengine, mara nyingi, hapo hapo dukani kwake.

Sasa naandika jibu la Madam, ila hapa, siyo kule. Nilianza siku ya mazishi ya Mama Neema. Alikuwa amekwisha mwili, nilimbeba kwa mkono mmoja kumtoa kitandani. Makaburini watu walinishika mkono kunipa pole, lakini macho yao yalikuwa shingoni kwangu. Kola ilikuwa imelegea. Walikuwa wananipima. Walikuwa wanasubiri zamu yangu.

Wiki ile ile nikaanza kula.

Jumatatu, 18 Agosti

Katesh, mnadani. Nimerudi na mbuzi mmoja.

Neema kanikuta namshusha. "Baba, mbuzi wamejaa hapa Babati. Kila miezi mitatu unakwenda mpaka Katesh kufuata mmoja?" Nikamwambia wa kule wanakula nyasi za mlimani, nyama ina utamu wake. Mbuzi mwenyewe alinitazama kama ananidai ukweli. Mbavu zote nje. Mlima gani huo.

Kingine nilichotoka nacho Katesh kiko kwenye kopo la chumvi, nyuma ya jiko. Kama kawaida.

Jumatano, 20 Agosti

Kikao cha tatu. Madam kachora tumbo kwenye karatasi, kisha akachora lile litakalobaki. Dogo kweli. Kasema baada ya kukatwa, hata dawa haziingii mwilini kama zamani. Daktari lazima ajue kila kidonge, hata cha kichwa, apange upya. Zisipopangwa, nyingine zinapita bure na ugonjwa unainuka.

Karudisha fomu mbele yangu. Kaweka kidole chini ya lile neno langu. Sina.

Kikao cha mwisho ni Jumatano ijayo na lazima nije na Neema, maana ndiye atakayeniuguza. "Kama kuna la kuniambia peke yako, njoo kabla. Ila mwanao atakuwa anakupa dawa kwa mkono wake, Baba Neema. Hilo lifikirie."

Basi niandike. Vidonge. Ndiyo. Kimoja kila asubuhi, kutoka kopo la chumvi. Navichukua hospitali ya Katesh, kule hawanijui.

Nisipokatwa, moyo utasimama. Nikikatwa na uongo wangu, vidonge vitapita bure, nitakonda kama yeye alivyokonda, na watu watakuja kuipima kola. Nikisema, Neema atajua yangu, na siku hiyo hiyo atajua ya mama yake. Nilimwambia ni kifua. Kila mwaka kwenye misa ya kumbukumbu tunasema kifua.

Nimegeukia kila upande. Mlango uliobaki ni mmoja, na mimi milangoni napita ubavu.

Jumapili, 24 Agosti

Leo sikuonja.

Sahani ya kwanza wateja walitazamana. Ya tatu mmoja akauliza, "Baba Neema haonji, nyama ina nini?" Wengine wakahamia jiko la pili. Mama Rehema kaja na chai ya tangawizi, kaniwekea mkono kwenye paji la uso kama mtoto. Kuacha kula siku moja tu, tayari mimi ni mgonjwa.

Nimekasirika. Kisha nimekula. Nimekaa chini, nikahesabu.

Kwa Madam sikwenda. Nilifika getini Ijumaa, nikamsalimia mlinzi, nikamchekesha, nikarudi.

Jumatano, 27 Agosti

Nilikwenda na Neema. Niliingia na kopo la chumvi mfukoni mwa koti. Hakuna aliyeuliza.

Madam kaweka fomu mezani. Nikalitoa kopo, nikamwaga chumvi kidogo kwenye meza yake kwa bahati mbaya, nikachomoa kichupa. Nikalifuta lile neno, nikanakili jina la vidonge, herufi moja moja, jinsi lilivyo kwenye karatasi ya kichupa. Ilichukua muda. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni. Haukutoka.

Neema alisoma. Mimi nilikuwa natazama ile chumvi.

"Leo umemeza?" kaniuliza.

"Asubuhi."

Akaitikia kwa kichwa. Akaikusanya chumvi kwa kiganja, akairudisha kwenye kopo.

Barua bado. Madam anataka vikao viwili zaidi, na Neema awepo vyote. Amesema leo ndiyo tumeanza.

Tulirudi kwa miguu. Nilikaa mara tatu njiani na mara zote tatu alikaa na mimi. Mara ya mwisho ilikuwa kwenye kibaraza cha Hamisi. Hamisi kapiga kelele, "Bonge, lini unakwisha?" Nikainuka. Neema naye akainuka. Habari ya mama yake hakuniuliza. Ataniuliza, namjua, ni mwalimu.

Mbuzi wa Katesh bado yupo uani. Sijamchinja. Anakula maganda ya ndizi, ameanza kujaa.

Nimerudia kusoma ukurasa wa kwanza wa daftari hili. Nimeandika kwamba nina bahati, kwamba ugonjwa ulinipita. Ni uongo. Ninao. Na mimi ndiye niliyempa Mama Neema.