Mlango wa Hesekaia

Nuku'alofa

Dada yangu mpendwa Lupe,

Salamu nyingi, nikitumaini unapata usingizi japo kidogo tangu hospitali ikusimamishe kazi. Mama anaendeleaje na goti? Sisi huku ni wazima, ila mvua imeozesha viazi vikuu shambani.

Nakuandikia habari za Hesekaia, mtaalamu wetu wa kompyuta hapa hospitali kuu, yule aliyetoka Auckland na shahada na kiburi, shahada akaisahau kwenye ndege. Ndiye aliyeweka kwenye seva programu ya kuingia kwa mbali, ili ninyi wa huko kisiwani Vava'u mfungue kumbukumbu za dawa bila kupanda meli. Programu hiyo yenyewe haimjui mtu. Inauliza moduli za uthibitishaji, nazo ndizo bawabu: huyu apite, huyu arudi. Kuzipanga kunataka utulivu. Hesekaia alizipanga huku anatafuna kuku na kuongea na simu. Nilipomuuliza kama amezijaribu vizuri, alinicheka mbele ya mafundi wenzangu, akasema, "We Semisi, kaa na nyaya zako bwana. Naingia kila nikitaka, mlango unafunguka. Unataka nini tena, upigiwe ngoma?" Nikarudi kwenye nyaya zangu. Debe tupu ukilijibu unaliongezea kelele.

Kisha mtu akaingia kwa jina lako, akafuta hesabu ya insulini, na insulini yenyewe ikatoweka. Hesekaia akamwapia mkurugenzi kwamba mashine haisemi uongo, na kwamba nyie watu wa visiwani mna mkono mrefu. Wewe, dada, unayerudi dukani kurudisha chenji iliyozidi. Nilimdharau siku ile kuliko siku zote.

Sasa nikuambie nilichofanya Ijumaa. Mkutanoni, mbele ya wote, niliomba kompyuta. Niliandika jina la Hesekaia mwenyewe, na penye neno la siri nikaandika "nguruwe". Mlango ukafunguka. Mkurugenzi akajaribu "samaki", ukafunguka. Kumbe wakati wa majaribio Hesekaia aliweka mbele ya zile nyingine moduli inayomkubali kila mtu, na hakuiondoa. Bwana mkubwa alijaribu kufuli kwa ufunguo wake tu, wa uongo hakuwahi kuutia. Aliyetumia jina lako anaweza kuwa mtu yeyote mwenye vidole. Hesekaia akajitetea eti ni kosa la waliotengeneza programu.

Unarudi kazini, barua ya mkurugenzi iko njiani. Na wazee wa ukoo wa Hesekaia wamemwamuru aje kwako kuomba msamaha kama desturi ilivyo, kiunoni mkeka uliochakaa, shingoni majani ya mti wa ifi. Atakaa chini mlangoni, kichwa kimeinama, mpaka wewe umwambie ainuke. Mimi ni mdogo wako, sina haki ya kukuelekeza. Naomba tu umalize chai kwanza, halafu ujimiminie nyingine.

Mbusu mama na watoto kwa niaba yangu, Mungu awafunike.

Mdogo wako akupendaye,
Semisi