Picha ya mu Shingo

Lundi 3 machi 1986
Mi Badibanga, mutu wa chance, wa bahati, Kolwezi yote inajua! Miaka kumi na nane shofa wa kamyo ku mugodi, hata jiwe moya halijaniangukia. Na leo tena: munganga Mukalay alinipitisha ku mashini ya ekografi, picha ya shingo ikaonyesha kitu mara moya — katezi kadogo sawa kunde, upande wa kushoto. Njo ile inaibaka chokaa ya mifupa na kuimwanga mu damu, mu figo inageuka majiwe. Jeudi, tarehe 6, batakata, batakatoa, basi! Nilimwambia bibi yangu Laurentine: nusu saa tu.

Mardi 4 machi
Niko mu lopitalo. Laurentine alileta ndakala, basamaki badogo ba kukauka, na maziwa. Kula, tata, mifupa ipate nguvu! Mwezi muzima ananilisha ivi. Munganga aliona — kelele! Mama, chokaa imejaa mu damu yake, na weye unaongeza? Laurentine akalia. Mi nikasema: docteur, muache, karibu niote pembe sawa ngombe. Bakacheka bote. Mi pia, kidogo tu.

Mercredi 5 machi
Sikulala. Tata Stanislas wa kitanda cha pembeni, balimukata shingo mwaka jana. Sauti yake sasa ni sawa upepo chini ya mulango. Anasema kuko kamushipa ka sauti, mukono wa munganga ukikagusa — imeisha. Mi bila sauti! Nani atachekesha batu ku matanga?

Ile ile siku, mangaribi
Munganga alikuya: tata, wapi ndugu ba kutoa damu? Hapa jamaa njo inatoa. Damu ya Laurentine haipatane na yangu. Ya ndugu yangu Omer inapatana — lakini Laurentine alimwambia arudie Lubudi, ni kazi ya nusu saa. Alipanda treni ya Tenke leo asubui!

Sasa Laurentine amesimama ku mulango. Anauliza: kama ni kadogo sawa kunde, damu ya nini? Minaandika juu nisimujibu.

Kesho batafungua shingo yote. Batatafuta ile tezi mubaya kati ya tezi ine, moya moya, pengine masaa ine. Munganga alinielezaka toka lundi. Nilidanganya Laurentine, nilidanganya Omer, hata iyi kaye ninaandika.

Anauliza tena.

Picha haikuonyesha kitu.