Hotuba Iliyokuwa ya Neethu

Jumamosi, 5 Julai 2014

Nitaigiza kwenye sinema! Mimi, miezi kumi tu tangu tutoke Nakuru kuja huku ng'ambo! Ni sinema ya watoto, ya Kimalayalam, lugha ya kusini mwa India, na inarekodiwa hapa hapa Scarborough. Anayeitengeneza ni Anko Sajan, mjomba wa rafiki yangu Neethu wa ghorofa ya tisa. Hadithi ni hii: wasichana wawili, marafiki wa kufa na kuzikana, wanagombea ukiranja wa shule na kukosana vibaya. Neethu ndiye anayeshinda. Ana hotuba ndefu! Mimi nashindwa, nakasirika, natoka. Nina sentensi moja tu, lakini kamera itakuwa usoni pangu. Usoni!

Jumatano, 9 Julai

Mazoezi kwenye chumba cha kufulia, mimi na Neethu, mashine zikinguruma. Nimejifunza hotuba yake pia — tamu sana, siwezi kuiacha. Nimeiandika kwa herufi zetu. "Mimi" kwao ni nyan, ny ya nyanya kabisa! "Sisi" ni nyang'al, ng' ya ng'ombe! Neethu hawezi. Alizaliwa hapa, mama yake akimsemesha Kimalayalam anajibu Kiingereza, kama mdogo wangu Shaun anavyomjibu Mama. Anasema "nangal". Tumecheka mpaka tukakaa chini.

Jumamosi, 12 Julai

Sijui nianzie wapi.

Anko Sajan amemrudisha Neethu kwenye neno lile mara nne. Nangal. Nangal. Halafu akanigeukia: hebu jaribu wewe. Nikasema hotuba yote! Bila karatasi! Akapiga makofi, akauliza nimeitoa wapi sauti hiyo. Nikamwambia, kwa ng'ombe. Watu wakacheka. Akasema basi, mbadilishane: Wamaitha ashinde, Neethu ashindwe. Je, nakubali?

Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza.

Neethu alitabasamu mbele za watu. Kwenye lifti akaniambia, hata hujui unachosema. Si kweli! Najua nyang'al jaikum ni "tutashinda". Hayo mengine... sawa, mengine sijui.

Lakini nina hotuba!

Jumatatu, 14 Julai

Nimegonga kwao. Anti Sheeba, mama yake, akasema Neethu amelala. Saa nane mchana!

Mama ameniuliza swali moja tu: je, wewe ungependa kunyang'anywa mbele ya watu? Sikunyang'anya. Nilipewa. Nimemwambia hivyo, akaendelea kupiga pasi sare yake ya kazi.

Jumamosi, 19 Julai

Leo ndiyo leo! Ukumbi wa kanisa umegeuzwa shule — madawati, kengele, riboni nyekundu kwenye nywele. Hotuba nimeipiga mara moja tu, bila kosa! Anko Sajan ameruka!

Kisha zamu ya Neethu. Anatakiwa anitazame, aseme "mimi si rafiki yako", atoke. Amenitazama. Amesema, polepole, na machozi yakashuka ya kweli. Watu wote wakapiga makofi. Anko Sajan anapiga kelele, huo ndio uigizaji!

Neethu hakusimama. Alipita mlangoni, akaenda zake mpaka kwenye maegesho.

Imebaki tukio la mwisho, la kupatana. Anko Sajan amesema asiporudi atamweka msichana mwingine, riboni ni zile zile, akipigwa picha kwa nyuma nywele hazitaonekana tofauti. Wote wakanitazama mimi. Nikatoka mbio kumfuata.

Naandika nikiwa ndani ya gari la Anti Sheeba. Neethu yuko kiti cha nyuma. Nilipofungua mlango amesogeza mkoba wake nikae. Nimemwambia samahani kwa Kiingereza. Nikatoa daftari, maana sikujua mikono niiweke wapi.

Anko Sajan anapiga filimbi kutuita. Hatushuki.

Sasa Neethu anachungulia daftari. Kiswahili hasomi, lakini jina lake ameliona, liko kila mahali. Ameweka kidole juu yake. Anauliza, hapa umesema nini kunihusu? Nisomee.

Filimbi tena —