Mashavu ya Jasmine

Njombe, 2 Machi 2024

Mwanangu Fidelia,
Kamwene. Sisi wazima, ila baridi inatuchapa. Jasmine wako, tangu aanze dawa ya kifafa, hajaanguka tena. Na amenenepa, mashavu yamejaa, gauni la Krismasi halifungi. Anamaliza ugali wake anaomba na wangu. Kesho tunapeleka kuku kanisani, tumshukuru Mungu kwa kumponya.
Mama yako

Makambako, 9 Machi

Shikamoo mama,
Natumaini mko salama. Hapa mgahawani kazi haziishi. Mama, nimemuuliza nesi. Dawa ile huleta njaa. Unene huo ni wa dawa, si wa kupona. Mpunguzie ugali na viazi, mwongezee mboga na maharage, soda asionje, acheze sana nje. Kliniki wampime uzito. Lakini dawa asikose hata siku moja.
Binti yako

Njombe, 14 Machi

Mwanangu,
Kamwene. Barua amenisomea Jasmine mwenyewe, tukacheka sana. Nimnyime mjukuu ugali na mahindi yamejaa darini? Mtoto mwenye mwili huu si mgonjwa. Dawa nilishaiacha tangu Jumapili ile ya kuku. Nitamshukuruje Mungu huku bado namnywesha vidonge?
Mama yako

Makambako, 16 Machi

Mama,
Mrudishie dawa leo hii. Simu yako haipatikani. Barua nampa dereva wa Hiace, nami nakuja kesho.
Binti yako

Njombe, 30 Aprili

Mwanangu,
Kamwene, hata kama huitikii. Hii ni barua ya tatu tangu uondoke makaburini bila kuniaga. Dereva aliniletea barua yako jioni, na kifafa kilikuwa kimemshika Jasmine tangu asubuhi, hakikumwachia. Vidonge bado viko kabatini. Nimevunjika moyo, mwanangu, sijui nijifiche wapi. Kila mchana napakua sahani yake, ugali kidogo na mboga nyingi, kama ulivyosema. Halafu naitazama mpaka inapoa.
Mama yako

Makambako, 8 Mei

Shikamoo mama,
Barua zako zote nimezipata. Nilikuwa na hasira, bado ninayo, na nalia hata nikiwapakulia wateja. Sahani yake usiiondoe. Jumamosi nakuja, tuile sote wawili.
Binti yako